Koti la Januari

Kama kuna mtu Kigoma aliyewahi kuniambia kwamba Johannesburg mwezi wa kwanza ni joto, mimi sikumsikia. Wote waliokuja kuniaga walikuwa na neno moja tu: baridi. Jirani yetu aliyewahi kufanya kazi huko alisema alikuwa analala na soksi jozi tatu. Mwalimu wangu wa jiografia, ambaye kati ya watu wote ndiye aliyepaswa kujua mambo ya kusini mwa ikweta, alinishika mkono akasema, "Binti, jikinge na baridi." Hakuna aliyeuliza baridi hiyo ni ya mwezi gani. Basi nikashuka Park Station, Januari ya 2017, saa mbili asubuhi, nimevaa koti la sufu la kiume, la rangi ya majivu, refu mpaka magotini, na jasho limeshuka mpaka kwenye viatu.

Watu wote walikuwa wamevaa kaptula. Mlinzi mmoja alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akatikisa kichwa, akasema, "Eish." Sikuwahi kulisikia neno hilo, lakini halikuhitaji mkalimani. Mwezi wa sita ulipofika nilikuja kuelewa kwamba watu wa Kigoma hawakunidanganya, walikosea mwezi tu. Ila mwezi wa sita ulikuwa mbali.

Sasa mtaniuliza, si ungelivua? Thubutu! Koti lile sikulivua Dar, sikulivua Tunduma, sikulivua Lusaka, wala kule mpaka wa Zimbabwe ambako hata maofisa walikuwa wanajipepea kwa pasi zetu. Nililala nalo safari nzima. Ndani yake, katikati ya bitana na sufu, upande wa kushoto chini ya kwapa, mama alikuwa ameshona vyeti vyangu: cha kidato cha nne, cha kidato cha sita na cha kuzaliwa. Vyeti halisi, siyo nakala. Barua ya chuo ilikuwa imesema wazi kwamba mwanafunzi wa kutoka nje aje navyo dirishani, na mwisho wa kujiandikisha ulikuwa siku ile ile niliyoshuka, saa tisa alasiri. Asiyetokea, nafasi yake anapewa anayesubiri. Nilikuwa nimejipangia kufika siku mbili kabla, lakini basi lilikwama mpakani, na siku zangu mbili zikaishia pale nikila biskuti na kutazama malori. Nikabaki na muda wa saa saba tu.

Jinsi vyeti vilivyoingia kwenye koti ni kisa cha ugomvi. Mama yangu anauza karanga za kukaanga. Ni zile za pakiti ndogo za nailoni, na mdomo wa kila pakiti anauziba kwa moto wa mshumaa: anaukunja juu ya kipande cha msumeno, anaupitisha kwenye mwali haraka, kushoto kwenda kulia, tayari. Amenisomesha kwa hizo. Jioni ya kuniaga, mimi nilikuwa nataka faili la plastiki lenye zipu, kama la mwenzangu mmoja aliyekwenda kusoma Dodoma, nijione na mimi msomi. Nikaingia ndani nikamkuta mama ameketi mbele ya mshumaa, vyeti vyangu ameviweka kwenye nailoni ya karanga, ile kubwa ya jumla, na anaziba mdomo. Akamaliza, akachukua nailoni ya pili, akaitumbukiza ile ya kwanza ndani, akaziba tena.

"Mama," nikasema, "mimi si karanga."

Nilisema kwa ukali, mbele ya wageni. Mama alipuliza mshumaa, akachukua sindano na lile koti la mitumba alilonitafutia wiki nzima, akaanza kushona. Alipomaliza ndipo akanipa amri moja: nisimwambie mtu yeyote vyeti viko wapi. "Hata huyo mama mdogo wako unayekwenda kufikia kwake. Siyo kwamba simwamini. Ila kwake watu wanaingia na kutoka, na wewe mdomo wako hauna breki."

Huyo mama mdogo si ndugu wa damu. Ni Mkongo wa upande wa Uvira, aliyevuka ziwa kukimbia vita nilipokuwa mdogo, akakaa kwenye chumba chetu cha uani zaidi ya mwaka. Baadaye aliondoka, akateremka nchi kwa nchi mpaka Johannesburg, na sasa alikuwa anasuka nywele mtaa wa Berea. Ndiye aliyekuja kunipokea stendi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba!" Akapiga makofi, akacheka mpaka watu wakageuka. "Mwana, miaka ngapi sijapewa shikamoo! Watoto wa hapa wananiambia 'haai' tu, kama mimi ni rafiki yao ya shule." Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akanitazama vizuri. "Na hii koti? Mama yako alikutuma kwa wazungu ya barafu?"

Nikasema sisikii joto. Jasho likaingia jichoni nikiwa bado nasema.

Akajitwika begi langu kichwani na tukapanda kwa miguu mpaka Berea, yeye mbele anasalimia kila kona, kwa Kifaransa hapa, kwa Kizulu pale, mimi nyuma nahema ndani ya sufu. Aliishi ghorofa ya tano ya jengo la zamani. Lifti ilikuwa imekufa zamani sana, hata mlango wake ulikuwa umebandikwa matangazo ya makanisa. Fleti ilikuwa na familia nne zilizogawana vyumba kwa mapazia, na bafu moja lenye sinki kubwa la kulala. Mama mdogo alikuwa ameamka alfajiri kuniwekea zamu ya maji ya moto.

"Ingia uoge. Utakula, halafu utaenda kwenye shule yako. Wakati iko."

Mpango wangu ulikuwa safi. Nioge chapuchapu, nivae koti, nishuke Doornfontein kilipo chuo, na huko huko nijifungie chooni nichane bitana kwa wembe. Nikalitundika koti nyuma ya mlango wa chumbani, nikaingia kwenye maji. Jamani, baada ya safari ile! Nikajisahau. Nilipotoka, msumari wa nyuma ya mlango ulikuwa mtupu.

"Mama mdogo, koti langu?"

"Nilipeleka juu kufuliwa." Alikuwa anakoroga chai, hana habari. "Kwetu, nguo za safari za mgeni zinafuliwa siku ile ile. Mgeni atakaa aje na vumbi ya mipaka yote hiyo? Iko mama mmoja wa Burundi anafulia watu kule juu, anafua vizuri kabisa."

Na hapa ndipo mtu mwenye akili zake angesema ukweli. Mimi nikakumbuka amri ya mama, nikakumbuka mdomo wangu na breki zake, nikaamua kwamba mara hii nitamwonyesha mama kuwa naweza kunyamaza. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia.

"Nalihitaji, mama mdogo. Nasikia baridi."

Akaacha kukoroga. Dirisha lilikuwa wazi na hapakuwa na hata upepo wa kutikisa pazia. Akaja akanishika paji la uso, na paji lenyewe lilikuwa limetoka kwenye maji ya moto na hofu juu yake.

"Yesu! Iko na malaria!"

"Hapana, mama mdogo, ni baridi tu kidogo…"

"Baridi wapi, katika hii joto? Ulitoka nayo Kigoma. Lala!"

Nikalazwa. Nikafunikwa blanketi, lile zito lenye picha ya simba, na juu yake kitenge. Nikaletewa chai ya tangawizi yenye pilipili. Kila nilipoinuka kusema kwamba sijambo, nilikuwa natoka jasho zaidi, na kila alipoona jasho alizidi kuamini. Mwanamke mmoja wa pazia la pili akaja kunitazama, akasema macho yangu ni ya njano. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini nani angenisikiliza? Nikauliza kama wakati wa ugonjwa mtu anaweza kuvaa koti lake mwenyewe. Mama mdogo akasema naanza kuweweseka.

Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda saa tano na nusu. Nilimwona anavaa viatu.

"Simama, mwana. Tunaenda kliniki ya Hillbrow. Foleni ni ndefu, lakini mpaka saa kumi watakuwa wametuona."

Saa kumi! Hapo ndipo nilipovunja amri. Nilikaa kitandani nikasema yote kwa pumzi moja, vyeti, bitana, kwapa la kushoto, saa tisa, na mama alivyokataza.

Mama mdogo alisimama na kiatu kimoja mkononi. Nilitegemea atapiga kelele. Akasema polepole, "Mama yako alikukataza kuniambia mimi?"

Niliona aibu, wallahi. Huyu mtu alikuwa ameamka alfajiri kwa ajili ya maji yangu. Nikasema hakuwa na nia mbaya. Akanitazama kidogo, halafu akatupa kiatu na kukimbia miguu mitupu, mimi nyuma yake.

Ngazi kutoka ghorofa ya tano mpaka paa la jengo lile sitazisahau. Mama mdogo alikuwa anapanda huku anaita, "Usikamue! Usikamue hiyo koti!" na sauti yake inatutangulia, milango inafunguka, watu wanatoa vichwa. Tulipotokea juu, jua lilitupiga usoni. Kulikuwa na makaro ya saruji ya kufulia, kamba zimejaa mashuka, na upande wa pili ule mnara mrefu wa simu wa Hillbrow umesimama kama unatuchungulia. Yule mama wa Burundi alikuwa ameketi mbali na karo, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imejaa povu, anasali.

Koti lilikuwa peke yake karoni, limezama mpaka kola.

"Mimi sigusi tena," akasema kabla hatujamuuliza. "Nilianza kuikanyaga, nikasikia kitu ndani inalia, kwaru, kwaru. Nikapapasa, nikakuta kitu imeshonewa chini ya kwapa. Chini ya kwapa! Dawa gani watu wanaweka huko? Mimi nimeokoka. Nikatoka haraka, nikaanza kuomba."

Alidhani ni hirizi. Msichana wa Kigoma, karibu kabisa na kwao, angeweza kubeba nini kingine kilichoshonewa kwapani? Na kwa kuogopa huko hakulikamua koti, hakulipiga, hakulisugua. Nilitaka kumkumbatia, akanikwepa.

Mama mdogo akatoa wembe kwenye mfuko wa aproni, ule anaokatia nyuzi za rasta, akachana bitana. Akaingiza mkono. Akatoa ile nailoni.

Maji yalikuwa yameingia. Upande mmoja wa nailoni ya nje ulikuwa umefunguka, na kati ya nailoni ya kwanza na ya pili kulikuwa na maji ya sabuni, yana ukungu, huwezi kuona kitu ndani. Nikanyoosha mkono nichane ile ya ndani nijue moja. Mama mdogo akanipiga kofi la mkono.

"Usifungue hapa! Mikono yetu iko maji, hapa chini maji. Utafungulia kule mbele ya watu wa shule, mahali pakavu."

Lakini yeye mwenyewe hakuondoka. Aliigeuza ile nailoni, akapitisha kidole kwenye mdomo ulioungua, pale alipopitisha mama kwenye mshumaa. Akapitisha tena. Kisha akaketi kwenye ukingo wa karo, gauni likilowa, kama mtu aliyechoka ghafla.

"Sasa nimejua," akasema. "Hii mambo mama yako aliijifunza kwangu."

Akanisimulia pale pale, kwa haraka, maana wakati haukuwepo. Yeye kwao alikuwa mwalimu. Alipokimbia, diploma yake aliishonea ndani ya kitenge alichojifunga, asimwambie mtu. Ziwani mawimbi yaliingia kwenye mtumbwi. Alikaa kwetu wiki nzima bila kumwambia mama yangu, kwa kuogopa itaibiwa, kitenge kimekunjwa chini ya mto. Siku walipokichana pamoja, karatasi ilikuwa imeshikana kama ugali. "Mama yako aliianika kwenye ungo, juani, kama dagaa. Tuliikalia siku nzima tukifukuza kuku. Ikakauka. Lakini wino ilikuwa imetembea yote, haikubaki hata jina langu." Tangu hapo, kila ofisi aliyoingia, Tanzania, Zambia, mpaka hapa, walimwambia jambo moja, alete cheti. Akaonyesha wembe aliokuwa ameushika. "Basi nikashika nywele za watu."

Mimi ungo ule naukumbuka. Nilikuwa na miaka sita hivi. Niliuliza kwa nini tunaanika karatasi, nikafinywa paja, nikaambiwa nikacheze. Sikuwahi kuuliza tena. Na ile jioni ya mshumaa, mama alipochukua nailoni ya pili juu ya ya kwanza, mimi nilikuwa nawaza zipu.

Sikupata hata nafasi ya kusema pole. Mama mdogo alikwisha kuinuka, ananisukuma kuelekea ngazi.

Tuliteremka kwenda Doornfontein karibu mbio. Nailoni niliikumbatia kifuani, imefungwa kwenye taulo la saluni. Kwenye kila roboti, ndivyo wanavyoita taa za barabarani, mama mdogo alikuwa ananishika mkono kama mtoto wa chekechea, na taa ikigeuka anasema, "Sasa!" Getini walimzuia, wakasema wanaingia wanafunzi tu. "Enda," akaniambia. "Mimi nitakuwa hapa hapa."

Foleni ilikuwa na watu kana kwamba wote tulikuja na basi moja lililokwama. Nilifika dirishani saa nane na dakika arobaini. Karani alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua, amechoka kwa siku nzima ya kuulizwa maswali yale yale.

"Vyeti halisi."

Nikaisukuma nailoni chini ya kioo, na maji yake ya sabuni. Akaitazama. Akanitazama.

"Hii ni nini?"

"Vyeti vyangu, mama. Naomba unifungulie wewe. Mimi nimeshindwa."

Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini hakuniuliza tena. Alivua miwani, akaifuta, akavaa. Akachukua mkasi, akakata ile ya nje juu ya pipa la takataka, maji yakamwagika. Akaipangusa ya ndani kwa karatasi ya shashi, mbele na nyuma, bila haraka kabisa, na saa iko juu ya kichwa chake. Kisha akakata mdomo.

Kwanza ilikuja harufu. Karanga. Karanga za kukaanga kwa chumvi, za uani kwetu, zikajaa kile kidirisha chote. Karani wa dirisha la pili akageuza kichwa, akauliza nani ana karanga.

Karani wangu akavuta karatasi ya kwanza. Cha kuzaliwa. Cha kidato cha nne. Cha kidato cha sita. Akaviweka kimoja kimoja juu ya meza na vikatoa ule mlio wa karatasi kavu. Jina langu lilikuwepo kwenye vyote vitatu, herufi zote, mihuri yote. Kwenye kona ya cheti cha kidato cha sita tu kulikuwa na doa dogo la mafuta.

"Hili doa?"

"Karanga, mama."

Akapiga mhuri wake kwenye fomu, akanirudishia vyeti. "Wewe nenda kapige picha ya kadi," akasema, na nikasikia anacheka nyuma yangu.

Getini nilimkuta mama mdogo amesimama miguu mitupu. Hakuwa amerudi kuvaa viatu, na wala mimi sikuwa nimeliona jambo hilo njia nzima. Nikampa vyeti. Alijifuta mikono kwenye gauni, mara mbili, ndipo akavipokea, akavisoma kimoja kimoja, kama mwalimu anayesahihisha, akarudia pale penye jina.

Nikapiga simu Kigoma kwa simu yake. Mama alipokea mlio wa kwanza. Kabla sijasema kitu mama mdogo alininyang'anya.

"Dada," akasema. "Vimefika vikavu."

Akanyamaza, na upande wa pili mama naye kimya. Walikaa hivyo muda mrefu kwa watu wanaotumia salio. Mama mdogo alikuwa anatazama barabarani, anatikisa kichwa taratibu kama anayeambiwa maneno, lakini nilikuwa karibu, na hakukuwa na maneno. Kisha akanirudishia simu.

"Mama," nikasema, "yale niliyosema ile jioni, ya karanga, nisamehe."

"Karanga gani?" akasema mama. "Wewe, umekula?"

Nikasema bado. Halafu nikaanza kulia kwa sauti pale pale getini, na wanafunzi wanapita na kaptula zao.